Stima haiji mingi, ni kifaa ndio kinaivuta: hesabu ya volti, ampea, omu na wati

Jumapili jioni dada wa nyumba ya juu alinibishia mlango akiwa na ekstensheni mkononi, ameishika na ncha za vidole, soketi moja imeyeyuka ikawa nyeusi na harufu ya plastiki iliyoungua imejaa ngazi zote za ploti. Alikuwa anachemsha maji ya chai na birika la umeme, na wakati huo huo anapiga pasi uniform za watoto za Jumatatu, vyote viwili kwenye ekstensheni hiyo moja. Akaniambia, "Fundi, leo stima ilikuja mingi sana, angalia venye imechoma."

Hiyo sentensi hapa Nairobi nimeisikia Umoja, nimeisikia Kayole, nimeisikia Pipeline kwenye zile gorofa ndefu, na kila nikiisikia najua mtu anaenda kununua ekstensheni ingine ya aina ile ile, aichome tena. Stima haikuwa imekuja mingi. Nilipanda na mita yangu nikapima soketi ya ukutani na ilikuwa volti 238, yaani karibu kabisa na zile 240 ambazo tunafaa kupata hapa Kenya. Kitu kilikuwa kingi ni mkondo, na huo mkondo haukutoka KPLC, kampuni ya stima, ukamvamia, ulivutwa na birika na pasi yake mwenyewe. Hii tofauti kati ya kitu kinachosukuma na kitu kinachopita ndio chanzo cha kuchanganyikiwa karibu kote, na ukishaishika, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba, kuzidisha na kugawanya tu.

Sasa twende polepole. Volti ni msukumo. Ukiishi Nairobi unajua presha ya maji, unajua siku ile maji yanafika nyumba za chini tu na watu wa gorofa ya nne wanashuka na mitungi, manake presha ni kidogo. Volti ni presha ya aina hiyo. Inaweza kuwa pale kwenye soketi usiku kucha bila kitu chochote kupita, kama vile mfereji uliofungwa una presha na haumwagi hata tone. Ampea ni kile kinachopita kweli kweli kwenye waya, ni kiasi gani kwa kila sekunde. Na omu ni ukinzani, yaani venye njia inakataa kupitisha: njia nyembamba au ndefu inakataa zaidi, njia nene na fupi inakubali haraka. Huo mfano wa maji unafika hapo tu, usiuvute zaidi, juu mpira wa maji ukikatwa maji yanamwagika lakini waya ukikatwa mkondo unasimama, na kuna watu huamini soketi isiyo na kitu "inamwaga stima" kwa sababu ya huo mfano. Haimwagi.

Mjerumani mmoja mwalimu, Georg Ohm, ndiye aliyeshikanisha hivi vitatu. Alikuwa anafundisha mji wa Cologne, na shida yake kubwa ilikuwa betri za enzi hizo hazikutulia, zinaanza na nguvu kisha zinalegea katikati ya kipimo. Akatafuta chanzo kingine, akaunganisha metali mbili, bismathi na shaba, ncha moja kwenye maji yanayochemka na ingine kwenye barafu, ikampa volteji ndogo lakini tulivu. Ndio akaweza kuona kwamba ukibadilisha urefu wa waya, mkondo unabadilika kwa mpangilio unaoeleweka. Kitabu chake kilitoka 1827 na nyumbani hawakukichangamkia, ikabidi angoje mpaka 1841 ndio wanasayansi wa Royal Society kule London wakampa nishani ya Copley. Huwa namfikiria huyo mwalimu na barafu yake kila nikitoa mita mfukoni, kwa sababu mimi nabonyeza tu na namba inakuja.

Alichopata ni hiki: volti ni sawa na ampea mara omu. Ukiwa na mbili unapata ya tatu. Ukitaka ukinzani, gawanya volti kwa ampea. Ukitaka mkondo, gawanya volti kwa omu. Halafu kuna wati, ambayo ni nguvu, kasi ya kifaa kugeuza stima kuwa joto au mwanga au mzunguko, na hiyo ni volti mara ampea. Basi. Mtu akikupa volti na ampea za kifaa cha kupasha moto, ushapata ukinzani kwa kugawanya na nguvu kwa kuzidisha, hakuna kitu kingine kimefichwa.

Wacha nichukue shawa ya umeme, hii ya papo kwa papo ambayo kila bedsita siku hizi inayo. Wiki mbili kabla ya hiyo ekstensheni nilikuwa nimepima moja kwa mteja, shawa ikiwa inafanya kazi kwa moto wa juu. Mita ya kukamata waya ikasoma ampea 22.1, na volti pale waya unapoingia kwenye shawa ilikuwa 236. Gawanya 236 kwa 22.1, unapata omu 10.68. Zidisha 236 kwa 22.1, unapata wati 5,216, kwa kukadiria. Imeandikwa 5,500 kwenye plastiki, na hapo ndipo mteja akaniuliza kama ameuziwa feki. La, hakuuziwa feki. Zile 5,500 ni za volti 240, na yeye anapata 236, na zaidi ya hapo waya na viungo vina ukinzani wao na hata viwanda huruhusu tofauti kidogo.

Lakini malalamiko yake hasa yalikuwa kwamba asubuhi saa kumi na mbili maji ni ya vuguvugu, na usiku wa manane ni moto. Hii ni swali nzuri sana na jibu lake liko kwenye hesabu. Saa kumi na mbili ploti nzima inaoga, shawa kumi na tano zinavuta kwa laini moja, na volteji inashuka. Tuseme imeshuka mpaka 200. Ukinzani wa elementi, yaani ile koili inayopasha maji, haujabadilika, ule waya wake wa nikromu (metali ya nikeli na kromiamu) ni ule ule, bado omu 10.68. Kwa hivyo mkondo sasa ni 200 gawanya kwa 10.68, ampea 18.73, na nguvu ni 200 mara 18.73, wati 3,745. Angalia hapo vizuri. Volti zimepungua asilimia 15 lakini wati zimepungua asilimia 28, karibu mara mbili ya hiyo. Hii ni kwa sababu volti zikishuka, mkondo nao unashuka, na wewe unazidisha vitu viwili ambavyo vyote vimepungua. Ndio maana watu husema nguvu inafuata mraba wa volti: volti mara volti, gawanya kwa omu.

Ukitaka kujua inamaanisha nini kwa ngozi ya mtu, chukua maji ya tangi ya juu mwezi wa Julai, yako kama nyuzi 18, na yanapita kwa shawa lita tatu kwa dakika. Wati 5,216 zinayapandisha karibu nyuzi 25, yanatoka kwa 43, hayo ni moto mzuri. Wati 3,745 zinayapandisha nyuzi 18 tu, yanatoka kwa 36, na 36 kwa baridi ya Julai utatetemeka. Shawa haijaharibika. Dawa ya hapo ni kupunguza maji, ukiyaleta mpaka lita mbili na kitu kwa dakika yanarudi joto lile la kwanza, watu wengi wameshaigundua kwa mkono bila hesabu yoyote.

Sasa nije kwa kitu ambacho kinaniuma. Kuna mazoea ya kukata elementi. Elementi ya shawa ikikatika, haswa huku kwenye maji ya borehole yenye chumvi, mtu anatoa ile sehemu imeungua, anavuta koili iliyobaki, anakunja ncha na kurudisha. Anamlipisha mteja pesa kidogo, shawa inawaka na mteja anafurahi kupita kiasi juu maji sasa ni moto kuliko yakiwa mapya. Hiyo furaha ni ya kweli na hesabu inaieleza: waya ukifupishwa, ukinzani unapungua. Tuseme kutoka 10.68 imekuwa 9.5. Kwa volti zile zile 236, mkondo sasa ni ampea 24.84 na nguvu ni wati 5,863. Shawa imekuwa kubwa kuliko ilivyotengenezwa, na urefu wa koili unaobeba huo moto umepungua, kila sentimita inachomeka zaidi, kwa hivyo itakatika tena karibuni, na akija kuikata mara ya pili itapanda tena. Ile koili ya kupikia ya mahosteli ni hivyo hivyo, kila ikikatika na kuungwa inawaka nyekundu zaidi na mwanafunzi anasema imepona. Na waya uliopita ukutani, ambao mara nyingi uliwekwa mwembamba kuanzia mwanzo, sasa unabebeshwa ampea karibu 25 kila siku. Nunua elementi mpya tafadhali, na kama ni maji ya chumvi ulizia ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, ni pesa kidogo sana ukilinganisha na nyumba.

Hapo juu kuna kitu nimesema ambacho kinachanganya wengi, hata wanafunzi wa chuo waliokuja kwangu atachi, yaani mafunzo ya kazini, kimewatesa, kwa hivyo wacha nisimame hapo. Nimesema elementi ikipunguzwa ukinzani, moto unaongezeka. Lakini pia utasikia fundi akisema kiungo kibovu kina ukinzani mwingi na ndio maana kinachoma. Sasa ni gani? Ukinzani mwingi unaleta moto ama unapunguza moto?

Zote mbili ni kweli na siri ni kujua ni nini kimeshikiliwa palipo na hicho kitu. Kwenye soketi, volti ndizo zimeshikiliwa. Ziko 240 au karibu hapo, upende usipende. Kifaa kizima kimewekwa kwenye hizo volti zote, kwa hivyo chenye ukinzani mdogo kinavuta mkondo mwingi na kutoa wati nyingi, na chenye ukinzani mkubwa kinavuta kidogo. Birika la wati 2,000 kwa volti 240 linavuta ampea 8.33, ukinzani wake ni omu 28.8. Balbu ya zamani ya wati 60 inavuta robo ampea na ikiwa imewaka ukinzani wake ni omu 960. Omu nyingi, wati kidogo.

Waya na kiungo haviko hivyo. Vimekaa njiani, vimepangwa foleni moja na birika, na mkondo unaopita hapo umeshaamuliwa na birika. Birika limesema 8.33, basi 8.33 zitapita kwa plagi, kwa waya, kwa kile kibati cha ndani ya soketi, kote. Hapo kilichoshikiliwa ni ampea. Na ampea zikiwa zimeshikiliwa, moto wa mahali fulani ni ampea mara ampea mara omu za mahali hapo. Kwa hivyo hapo ukinzani ukiongezeka, moto unaongezeka. Ukiwa na mashaka yoyote jiulize tu, hapa kinachokaa bila kubadilika ni volti au ni ampea? Ukijibu hilo swali hutakosea njia ya kutumia.

Turudi kwa ekstensheni ya dada. Birika wati 2,000, pasi wati 1,200, jumla 3,200. Gawanya kwa 240, ni ampea 13.33. Nilikata ule waya nikauangalia ndani na kila waya wa ndani ulikuwa milimita mraba 0.75, na huo kwa kawaida unafaa kubeba ampea 6. Sita. Na nje ya ekstensheni kumeandikwa 13A kwa herufi kubwa, na yeye alinionyesha hiyo 13A kwa uchungu kabisa, "si imeandikwa hapa?" Iliandikwa, ndio, lakini hiyo ni namba ya plagi na fyuzi, waya wenyewe haujafika hapo. Waya wa shaba wa 0.75 una ukinzani wa kama omu 26 kwa kilomita. Ekstensheni ya mita tatu, mkondo unaenda na kurudi, ni mita sita, omu 0.156. Ampea 13.33 mara 13.33 ni kama 178, mara 0.156 unapata wati 28 zinazopotea kwenye waya. Zikitawanyika kwa mita tatu waya unakuwa na vuguvugu la kutisha lakini unaweza kuvumilia. Ukiwa umeuzungusha ukaufunga na kamba nyuma ya kochi, kama wengi wetu tunavyofanya, hilo joto halina pa kwenda.

Lakini kilichoyeyuka sio waya, ilikuwa soketi moja, na hapo ndio mambo yenyewe. Ndani ya hizo ekstensheni za bei ya chini kuna kibati chembamba kirefu kinachobana miguu ya plagi zote, na waya umeungwa nacho karibu na soketi moja, hapo ndipo mkondo wote unapitia. Hicho kiungo kikilegea, na kinalegea kwa kutikiswa ukichomeka na kuchomoa mara nyingi, kinagusa kwa pointi ndogo tu, halafu kinashika moshi na kutu, ukinzani unapanda. Tuseme umefika omu 0.3, ni kidogo sana, mita ya kawaida inaweza isikuonyeshe vizuri. Mkondo wa vitu vyote viwili ukipita hapo, 178 mara 0.3 ni wati 53. Wati 53 mahali padogo kama punje ya mahindi! Kile kichuma cha kuchomelea risasi kwenye redio pale Luthuli Avenue mafundi wanatumia cha wati 30 au 40 na kinayeyusha risasi. Sasa weka moto mkubwa kuliko huo ndani ya plastiki, kwa dakika zote birika likichemka na pasi ikipanda moto. Plastiki ikilainika kibati kinalegea zaidi, ukinzani unapanda, moto unapanda, na inaendelea hivyo mpaka unasikia harufu. Kama angekuwa na birika peke yake, ampea 8.33, ni wati 21 hapo hapo. Mkondo ulipanda kwa kama asilimia 60 na moto ukapanda mara mbili na nusu, manake ni mraba.

Mbona fyuzi haikukatika? Nimeulizwa hiyo pia. Fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo ikipita 13.33, inaweza kubeba zaidi ya hapo kwa muda mrefu, ilitengenezwa kukamata shoti na mzigo mkubwa uliozidi kabisa. Na hata ingekuwa kali kiasi gani, haiwezi kujua kwamba kuna kibati kimelegea mahali, juu mkondo wenyewe ni wa kawaida. Ila ukifungua plagi ukute mtu ameweka kipande cha waya ama karatasi ya sigara badala ya fyuzi, hiyo toa sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hii.

Huo mraba wa mkondo ndio pia unaeleza kwa nini stima inasafirishwa kwa volti kubwa. Mitambo ya upepo ya Loiyangalani kule Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ina uwezo wa megawati 310, na stima yake inakuja mpaka Suswa kwa laini ya kilovolti 400. Ukijaribu kuileta kwa volti 240 ungehitaji ampea zaidi ya milioni moja na laki mbili. Kwa kilovolti 400, hata nikiacha habari ya fezi tatu ili hesabu iwe rahisi, ni ampea 775. Nguvu ni ile ile, lakini moto unaopotea kwenye waya unategemea ampea, sio volti. Zile nguzo kubwa unaona ukishuka kwenda Narok ziko hivyo kwa sababu hiyo.

Kuhusu kupima mwenyewe. Volti unapima kwa kugusa pande mbili, kifaa kikiwa kimewashwa. Omu unapima kifaa kikiwa kimechomolewa kabisa, kamwe usiweke mita kwenye omu ukaichomeka kwa soketi. Na ampea, ile mita ya kawaida inataka ukate njia uipitishe katikati; ukiiweka kwenye ampea halafu uguse pande mbili za soketi kama unapima volti, umeweka kitu chenye ukinzani karibu sufuri kwenye volti 240, na 240 gawanya kwa karibu sufuri unajua inaleta nini, inaweza kulipuka mkononi. Kwa stima ya nyumbani nunua mita ya kukamata waya kutoka nje, inabana waya mmoja tu, laivu (unaoleta) au nyutro (unaorudisha), ukibana zote mbili pamoja itasoma sufuri.

Ukipima birika la wati 2,000 likiwa baridi na upate omu 27 mpaka 30, elementi ni nzima. Mita ikiandika OL ama 1 peke yake upande wa kushoto, imekatika. Lakini balbu ile ya zamani ya waya itakudanganya, utaipima baridi upate omu 70 hivi badala ya 960 na useme hesabu ya Ohm ni uongo. Si uongo, ni kwamba waya wa tangsteni ukifika nyuzi zaidi ya elfu mbili ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi. Elementi za nikromu hazina hiyo tabia kwa kiasi kikubwa, ndio maana kwa shawa na birika kipimo cha baridi kinaaminika. Na friji, feni, blenda, kitu chochote chenye mota, usizidishe volti na ampea ukadhani umepata wati kamili, mkondo wake unachelewa nyuma ya volti na wati za kweli ni chini ya hapo. Taa za LED na chaja za simu nazo zina elektroniki ndani, kuzitafutia omu hakuna maana.

Tokeni za stima je? Hiyo ni wati mara saa tu. Yuniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja. Shawa ya wati 5,216 kwa dakika kumi ni yuniti 0.87, mtu mmoja akioga hivyo siku 30 ni yuniti 26. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku, mwezi mzima ni yuniti 1.35. Kwa hivyo keyateka akikuambia tokeni zinaisha kwa sababu unaacha taa ya choo, mwonyeshe hiyo hesabu kwa heshima.

Na kuna ukinzani mmoja ambao sitaki uache kuufikiria, wa mwili wako. Ngozi kavu inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya omu. Ikiwa imelowa, inaweza kushuka mpaka kama 1,000. Volti 240 gawanya kwa 1,000 ni ampea 0.24, yaani miliampea 240, na kile kifaa cha kukata stima ikivuja kinawekwa kukata kwa miliampea 30 kwa sababu juu ya hapo moyo uko hatarini. Uko hapo mara nane. Mtu anayeoga kwa shawa ya umeme amelowa, amesimama kwa sakafu iliyolowa, na ploti nyingi sana nimeingia nikakuta waya wa athi ya shawa, ule unaopeleka stima iliyovuja ardhini, umekatwa ukafichwa ndani ya ukuta, ama haukuvutwa kabisa. Shawa inafanya kazi bila huo waya, ndio maana hakuna anayejua haupo. Muulize mwenye nyumba, muulize fundi aliyeiweka, na ukiguswa hata kidogo na mfereji wakati shawa imewashwa, zima kwa swichi kubwa na usiogee hapo mpaka iangaliwe.

Dada wa juu sasa birika lake liko kwenye soketi ya ukutani, na pasi anaichomeka hapo hapo birika likishachemka. Nilimtengenezea ekstensheni ingine na waya wa 1.5 kwa ajili ya TV na redio. Jana akaniuliza kwa ngazi kama anaweza kuchomeka chaja ya simu hapo na TV ikiwa imewaka. Chaja ni wati 10, gawanya kwa 240, ampea 0.04. Nikamwambia achomeke.